Namna ya Kutembelea Kofishopu za Mtaa wa De Pijp, Amsterdam

Mgeni aliyechoshwa na msongamano wa katikati ya Amsterdam apande metro namba 52 kutoka stesheni kuu ya Centraal hadi kituo cha De Pijp, kwani katika mtaa huo, karibu na soko la Albert Cuyp, yapo maduka madogo ya bangi, yaani kofishopu, yasiyo na pilikapilika nyingi. Kwa kuwa yamekatazwa kujitangaza, tafuta kibandiko cha kijani na nyeupe dirishani. Pombe haiuzwi humo.

Beba pasipoti, maana ni lazima uwe umetimiza miaka 18, na mwenye mvi naye anaweza kuulizwa. Kaunta huonyesha menyu. Mweleze muuzaji bila haya kwamba hujazoea, naye akupimie kilicho chepesi, pasipo kuzidi gramu 5 kwa siku. Uliza pia kama msokoto una tumbaku, kwa sababu tumbaku hairuhusiwi kuvutwa ndani.

Keki yenye bangi ndiyo huwaponza wengi: huchukua saa moja au zaidi kabla ya kupanda kichwani, hivyo usiongeze kipande cha pili kwa kudhani cha kwanza ni butu. Kilichobaki usivuke nacho mpaka.