Kamera ya Nyumbani Haioni Usiku: Jinsi ya Kutafuta Tatizo Kabla ya Kununua Nyingine

Simu nyingi ninazopigiwa na wateja huanza hivi: "Fundi, mchana inaonyesha vizuri kabisa, usiku hakuna kitu." Mpaka ananipigia, mwenye nyumba ameshaamua kwamba kamera imekufa. Mimi humwomba kitu kimoja tu kabla sijabeba ngazi: anitumie picha ya usiku jinsi ilivyo, hata kama ni mbaya. Kamera nyingi nilizoitwa kuzitoa ukutani zimebaki palepale, zikapona kwa kitambaa laini, adapta nyingine au kusogezwa kidogo.

Ili hatua zinazofuata zieleweke, ujue kwanza kamera inaonaje gizani. Kuzunguka lenzi kuna vitaa vya LED vinavyotoa mwanga wa infraredi. Jicho la mtu haliuoni mwanga huo, lakini kihisi cha kamera kinauona. Mbele ya kihisi hicho kuna kichujio kidogo cha kioo. Mchana hukaa hapo kuzuia infraredi ili rangi zitoke kama zilivyo. Giza likiingia husogezwa kando, na picha hugeuka nyeusi na nyeupe. Ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia jioni ndio kichujio kinahama. Kwa hiyo kila usiku mambo manne lazima yatimie: kamera itambue kuwa giza limeingia, kichujio kihame, vitaa viwake, na mwanga wake uende ukarudi bila kukwama njiani. Tunatafuta ni lipi kati ya hayo limeshindikana.

Hatua ya 1: Soma picha

Fungua picha ya usiku kwenye simu au kompyuta, uiangalie kwa utulivu.

- Giza tupu: vitaa haviwaki, kichujio hakijahama, au kamera imelazimishwa kubaki kwenye hali ya mchana.
- Ukungu mweupe uliotanda: mwanga wa kamera unagonga kitu kilicho karibu na kuirudia lenzi.
- Upande mmoja mweupe kupita kiasi, kwingine giza: kuna ukuta, paa au nguzo karibu mno.
- Picha inakatika, kamera inazima na kuwaka yenyewe usiku tu: umeme hautoshi.
- Chengachenga nyingi: mwanga ni mdogo kuliko eneo unalotaka kuliona.
- Usiku ni sawa, lakini mchana picha ina rangi ya waridi au zambarau na majani yamepauka: kichujio kimekwama kando.

Ukishajua dalili yako, unaweza kuruka hadi hatua inayoihusu. Lakini hatua ya 2 usiiruke, maana inafanyika ukiwa umekaa kitini.

Hatua ya 2: Kagua mipangilio

Ingia kwenye programu ya kamera au kwenye rekoda. Tafuta sehemu ya "Day/Night" na uhakikishe imewekwa "Auto". Nimekuta nyingi zimebaki "Day" au "Color" kwa sababu mtoto alikuwa akichezea simu, au kwa sababu mtu alitaka picha ya rangi usiku akasahau kurudisha. Hakikisha pia vitaa vya infraredi havijazimwa, na kwamba hakuna ratiba ya saa iliyokosewa. Saa ya kamera ikiwa imepotea, ratiba nayo imepotea.

Kama umewasha WDR (mpangilio unaosawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye kivuli kwenye picha), ijaribu ikiwa imezimwa usiku; kwenye kamera nyingi huongeza chengachenga gizani. Watu wakikaribia wanageuka weupe kama karatasi? Washa "Smart IR", ambayo hupunguza nguvu ya vitaa mtu anaposogea. Kamera inayorukaruka kati ya rangi na nyeusi-nyeupe mara nyingi inasumbuliwa na taa za magari au na mwanga wake yenyewe unaorudi. Ongeza sekunde za kusubiri kabla ya kubadili hali.

Hatua ya 3: Hakikisha vitaa vinawaka

Chukua simu yako, fungua kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kikali kinachozuia infraredi. Kwanza ipime simu yenyewe: ielekeze kwenye rimoti ya runinga inayotumia infraredi na ubonyeze kitufe. Ukiona nukta ya mwanga kwenye kioo cha simu, simu hiyo inafaa kwa kazi hii. Sasa simama mbele ya kamera ya usalama gizani na uiangalie kupitia simu. Vitaa vilivyo hai vitaonekana vikiwaka vyeupe au zambarau.

Kwa macho matupu usihukumu haraka. Vitaa vya nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) vina wekundu hafifu unaoonekana ukikaribia, lakini vya nanomita 940 havionekani kabisa hata vikiwa vinawaka. Hivyo vya 940 pia huonyesha umbali mfupi zaidi, ndiyo gharama ya kujificha.

Huna haja ya kungoja usiku. Mchana ifunike kamera yote kwa kitambaa kizito cheusi, pamoja na kile kijidoa cha kihisi mwanga kilicho usoni. Baada ya sekunde chache unapaswa kusikia "tik". Usiposikia, fikiria kichujio. Ukiisikia lakini vitaa havijawaka, fikiria umeme au bodi ya vitaa.

Hatua ya 4: Ondoa kinachorudisha mwanga

Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi kuliko kwingine kote, na ndipo watu wanapotupa kamera nzima bila sababu.

Kamera iliyowekwa ndani ya dirisha kutazama nje haitaona kitu usiku, kwa kuwa infraredi inagonga kioo na kurudi. Zima vitaa vyake na uweke taa ya nje, au itoe kamera yenyewe nje. Kuibandika karibu na kioo husaidia kidogo tu, na mara nyingi haisaidii.

Angalia pembe za picha. Ukiona kipande cha ukuta, dari ya baraza au mfereji wa maji ya mvua, hicho ndicho kinachoharibu. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ikiona ukuta mweupe unawaka mbele yake, hupunguza mwanga wote, na geti lililo mbali linazama gizani. Mteja mmoja aliniita mara tatu kwa ukungu ulioanza ghafla. Nilisafisha lenzi, nikabadilisha adapta, sikupata kitu. Mara ya tatu ndipo niligundua kwamba ubao wa paa ulikuwa umepakwa rangi nyeupe wiki ileile tatizo lilipoanza. Niliishusha kamera sentimita chache, yakaisha. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni: ni nini kimebadilika karibu na kamera?

Kisha buibui. Joto la kamera na wadudu wanaozunguka vitaa humfanya ajenge hapohapo. Uzi mmoja ulio sentimita mbili kutoka kwenye lenzi hung'aa kuliko mtu aliye mita kumi, kwa sababu mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyokwenda: umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unaofika ni robo. Pangusa utando wake kila mara, na kama unaweza, weka taa ya pembeni ili wadudu wahamie huko.

Kwa kamera za kuba, yaani zenye kifuniko cha plastiki cha nusu duara, ondoa ile karatasi ya plastiki iliyokuja nayo kama bado ipo, futa alama za vidole, na uangalie pete ya sponji inayozunguka lenzi. Pete hiyo lazima iguse kuba. Ikiacha mwanya, mwanga wa vitaa hupenya ndani kwa ndani na kuingia kwenye lenzi. Kuba lililokwaruzika halisafishiki. Badilisha kuba peke yake.

Unaposafisha, peperusha vumbi kwanza, kisha tumia kitambaa cha nyuzi laini chenye maji kidogo. Ukisugua vumbi kavu unachora plastiki.

Hatua ya 5: Pima umeme kamera ikiwa na mzigo

Usiku kamera hula umeme mwingi zaidi kwa sababu ya vitaa. Adapta iliyochoka au waya mwembamba hustahimili mchana, jioni huanguka. Ndiyo maana kupima volti mchana hakukuambii kitu.

Chukua mfano wa kamera ya volti 12 iliyo mita 30 kutoka kwenye adapta, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5. Ikivuta ampea 0.3 mchana, njiani zinapotea takriban volti 0.6. Usiku ikivuta ampea 0.8, zinapotea zaidi ya volti 1.6, na kamera inabaki na kama volti 10.4. Nyingi hapo huanza kujizima.

Ifunike kamera ili vitaa viwake, kisha pima kwa multimita (kipima umeme) upande wa kamera, si upande wa adapta. Zikiwa chini ya 11, tumia waya mnene zaidi au sogeza adapta karibu. Usitatue kwa kuweka adapta ya volti kubwa kuliko ilivyoandikwa kwenye kamera. Kama adapta moja inalisha kamera nne, jumlisha ampea za zote usiku, uache na akiba. Kabla ya kupima, ijaribu kamera kwa adapta nyingine uliyo na hakika nayo. Jaribio hilo la dakika mbili limeniokolea saa nyingi.

Kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao nazo zina kikomo: waya usizidi mita 100, na jumla ya wati za swichi (kifaa cha mtandao kinachozigawia kamera umeme) itoshe kamera zote zinapowasha vitaa kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Kichujio kilichokwama

Badilisha hali ya mchana na usiku mara kadhaa kwenye menyu huku ukisikiliza. Kugonga kwa kidole kidogo kwenye mwili wa kamera wakati mwingine hukiachia. Kikikwama tena, kinahitaji kubadilishwa, na hapa ndipo ninapokubali kuzungumzia kamera mpya kama dhamana bado ipo. Kuifungua mwenyewe kamera ya nje kunaharibu mpira unaozuia maji, na unyevu ukiingia utaona ukungu upande wa ndani wa kioo ambao hakuna kitambaa kitakachoufikia.

Hatua ya 7: Tembea mbele yake

Maandishi ya "mita 30" kwenye boksi hayamaanishi kwamba utamtambua mtu kwa sura akiwa mita 30. Utaona kwamba kuna mtu. Kwa hiyo usiku huohuo mwombe mtu mwingine atembee getini, mlangoni na pembeni mwa nyumba, kwa mwendo wa kawaida. Tazama rekodi, si picha ya moja kwa moja. Kama uso hausomeki mahali unapopahitaji, ongeza taa ya infraredi ya kujitegemea, ukiiweka mbali kidogo na lenzi, au sogeza kamera.

Ukiridhika, hifadhi picha moja ya usiku huo ikiwa na tarehe yake. Siku ukungu au giza litakaporudi, ziweke picha mbili kando kwa kando kabla hujapanda ngazi.