Embe Moja, Kategoria Zote: Jinsi ya Kupanga Vilivyopo Hatua kwa Hatua

Chukua embe moja bivu, uliweke mezani. Likiwa na tundu la funza usilitupe, maana tundu hilo tutalihitaji. Weka na karatasi na kalamu. Nimefundisha metafizikia, tawi la falsafa linalouliza ni nini kilichopo, kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba mwanafunzi anayeanza na neno “kuwapo” huchoka mapema, lakini anayeanza na tunda lililo mbele yake huuliza maswali mpaka kipindi kinaisha.

Tunachotafuta ni hiki: vilivyopo vyote ni vya namna ngapi za msingi? Hatuulizi kuhusu aina za matunda wala za wanyama. Tunauliza kuhusu makundi ya juu kabisa, yale ambayo ukipanda zaidi hukuti kundi jingine. Hayo ndiyo huitwa kategoria. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja kumi. Wanafalsafa wa leo wengi hutaja machache zaidi, na bado wanabishana.

Hatua ya 1: Andika sentensi, usiandike majina

Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuorodhesha nomino kisha kuzigawa mafungu. Kiswahili chetu hugeuza karibu neno lolote kuwa nomino: -zuri huzaa uzuri, iva huzaa kuiva. Kama kila nomino ingekuwa na kitu chake, tungeujaza ulimwengu kwa viambishi tu.

Kwa hiyo andika: Embe hili ni la manjano. Embe hili ni dodo. Asha alilimenya embe. Mezani pana maembe mawili. Embe hili lina tundu. Kisha, kwa kila sentensi, uliza: ili hii iwe kweli, lazima kiwepo nini? Swali hili ndilo W. V. Quine, mwanafalsafa wa Marekani, alilolifanya kuwa kiini cha fani yetu katika makala yake ya 1948.

Hatua ya 2: Tafuta kinachomtegemea mwenzake

Embe unaweza kulibeba ukaenda nalo jikoni. Manjano yake huwezi kuyaacha mezani ukaondoka na embe. Hapo umeshapata mgawanyo wa kwanza: kuna kinachojisimamia, na kuna kinachokaa juu ya kingine. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu, akina Ibn Sina, kile cha kwanza walikiita jauhar, neno lile lile lililotupatia sisi johari.

Wengi hupinga hapa: mbona embe nalo linategemea mwembe? Tofautisha tegemeo la asili na tegemeo la kuwapo. Mwembe waweza kukatwa leo, embe likabaki mezani. Embe likisagwa, umbo lake haliendi kukaa pengine.

Hatua ya 3: Hesabu manjano

Hatua hii usiipite haraka. Leta embe la pili, la rangi ile ile kabisa. Je, mezani pana manjano mangapi, moja au mawili?

D. M. Armstrong wa Australia, katika kazi yake ya 1978, angejibu: moja. Ni sifa ile ile, nzima, ikiwa katika maembe yote mawili kwa wakati mmoja. Sifa ya namna hii nitaiita sifa shirika. Donald Williams wa Marekani, mwaka 1953, alijibu kinyume: ni mbili, kila embe na yake, zinafanana tu bila tofauti yoyote. Yeye alitumia pipi za kijiti kueleza jambo hili. Sifa ya namna hii nitaiita sifa mahususi. Williams alikwenda mbali zaidi akasema embe lenyewe si chochote zaidi ya fungu la sifa hizo, kwa hiyo kategoria ya msingi ni moja tu.

Jaribu hivi: kula embe la kwanza. Je, kuna manjano yaliyotoweka duniani? Ukihisi ndiyo, umeshika sifa mahususi. Sasa tazama lililobaki. Je, manjano bado yapo? Ukihisi ndiyo, umeshika sifa shirika. Wanafunzi wangu wengi hujibu ndiyo mara zote mbili, na kwa maoni yangu hawajakosea. Nikilitazama embe naona manjano haya ya hapa, yatakayofifia keshokutwa. Lakini nikisema “embe huoza likikaa”, sisemi habari za embe hili. Nasema habari za aina.

Ndiyo maana mimi huwafundisha wanaoanza mraba wa E. J. Lowe, Mwingereza aliyeutetea kwa kirefu mwaka 2006. Chora mraba. Kona ya chini kushoto andika *kitu* (embe hili). Chini kulia, *sifa mahususi* (manjano yake). Juu kushoto, *aina* (embe dodo). Juu kulia, *sifa shirika* (umanjano). Mistari ya wima husema: cha chini ni mfano wa cha juu. Mistari ya mlalo husema: cha kulia hukipambanua cha kushoto. Mbegu ya mraba huu imo tayari kwa Aristotle, katika sura ya pili ya kitabu chake cha Kategoria.

Hatua ya 4: Uliza kama kinatukia

Soma tena: Asha alilimenya embe. Ongeza: jikoni, kwa kisu, asubuhi. Ukiviondoa vipande hivyo kimoja kimoja, sentensi inayobaki ni kweli bado. Kwa nini? Mwanafalsafa Donald Davidson wa Marekani alijibu mwaka 1967 kwamba sentensi hiyo inazungumzia kitu kimoja zaidi ya Asha na embe, nacho ni tukio: kulikuwa na kumenya, kukawa jikoni, kukawa kwa kisu. Embe lipo lote kila dakika ya maisha yake, lakini kumenya kuna mwanzo, katikati na mwisho. Mraba wa Lowe hauna kona ya matukio, kwa hiyo itabidi uamue kama yataingia kwenye sifa mahususi au yapewe mahali pake. Mimi huyapa mahali pake.

Hatua ya 5: Uliza kiko wapi

Mawili, ile namba, haiko mezani wala sokoni, wala haikuzaliwa mwaka wowote. Ukikubali kwamba ipo, iandike pembeni chini ya *dhahania*, yaani visivyo na mahali wala wakati, uendelee.

Hatua ya 6: Jaribu kuisema sentensi upya

Sasa lile tundu. Je, lipo, au ni embe tu lisilokuwapo mahali fulani? Mbinu ni kuisema sentensi bila kulitaja. “Embe lina tundu” inageuka “embe limetobolewa”. Lakini jaribu: “Matundu ya embe hili ni mengi kuliko ya lile.” Hapo maneno huanza kukwama. Wanafalsafa David na Stephanie Lewis walilichambua suala hili mwaka 1970 kwa majibizano ya watu wawili, mmoja akishikilia kwamba tundu ni ule ukuta wake tu, yaani nyama ya embe inayolizunguka. Mimi sikubali: ukuta ni mzito na mtamu, tundu si zito wala si tamu.

Hatua ya 7: Ichunguze lugha yako

Padri Alexis Kagame wa Rwanda, mwaka 1956, alitoa kategoria nne kutoka Kinyarwanda: umuntu (chenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu (namna). Msomaji wa Kiswahili husikia mtu na kitu papo hapo. Embe letu linaingia ikintu pamoja na jiwe na mbuzi, na manjano yake yanaingia ukuntu. Kagame alikosolewa kwamba alisoma sarufi akadhani anasoma ulimwengu. Lakini mwaka 1958 mwanaisimu wa Ufaransa Émile Benveniste alidai kwamba kategoria za Aristotle nazo zilifuata sarufi ya Kigiriki. Basi onyo ni letu sote. Rudi kwenye karatasi yako, na kila mahali ulipotenganisha vitu viwili, hakikisha sababu ni tegemeo, idadi au wakati, wala si ngeli.

Zoezi: toa embe juani, ufanye hatua zote kwa kivuli chake. Anza na hatua ya 2, na uangalie kwamba kivuli kinahitaji vitu vitatu ili kiwepo, na embe ni kimojawapo tu.