Vijidudu rafiki shambani: usiviue kabla havijaanza kazi

Wakuu salama. Naona huku Dodoma kila anayeandaa shamba saa hizi anaulizia hizi dawa zenye vijidudu hai ndani yake, mara Trichoderma, mara bakteria wa kupaka mbegu, mara Bt ya viwavi, na wengine walishanunua wakatumia wakaona hola, wakasema utapeli mtupu. Mi nalima nyanya Mpunguzi na karanga kidogo upande wa Kongwa, na nakiri msimu wa kwanza na mimi nilisema utapeli. Nilinunua paketi ya Trichoderma nikaitupia kwenye begi la pikipiki, nikazunguka nayo mjini kutwa nzima na jua lile la mwezi wa kumi na moja, jioni nikaimimina kwenye bomba ambalo wiki iliyopita nilipulizia kabendazimu, nikamwagilia kitalu. Kinyausi kikapita kama kawaida, asubuhi miche imelala chini shingo zimelegea kama imekatwa na wembe. Sasa jiulize, Trichoderma yenyewe ni fangasi, mi nimeichemsha kwenye begi afu nimeimalizia na dawa ya kuua fangasi. Kitalu nilikimwagilia maiti.

Mama yeyote anayegandisha maziwa anaelewa hii kitu kuliko sisi wenye mabomba. Ukitia mbegu ya mgando kwenye maziwa yaliyotoka kuchemka haigandi, ukitia kwenye kibuyu kilichooshwa na sabuni kikabaki na povu haigandi vizuri, na ukiiweka mbegu yenyewe wiki mbili kwenye joto inaharibika. Na hizi dawa ni hivyohivyo, unanunua kitu chenye roho.

Kwahiyo kazi inaanzia dukani. Kwenye duka la pembejeo usikubali paketi iliyopangwa dirishani inapigwa jua, omba ya ndani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na angalia kama ina usajili, viuatilifu vinasajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na mbolea zinasimamiwa na TFRA (mamlaka ya mbolea). Nyumbani kama huna friji weka chini karibu na mtungi wa maji, kwenye chumba kisichokuwa na bati la kuunguza moja kwa moja. Halafu bomba: nunua jingine la hizi kazi tu. Najua ni hela, lakini kuosha bomba la sumu mpaka liwe safi kabisa ni ngumu, kuna mpira ule wa ndani unabaki na harufu mwezi mzima.

Na maji. Ya bomba mjini yanatiwa klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima ndo uchanganye. Visima vyetu vingi vina chumvi na magadi, mi nakinga ya mvua kwenye pipa nayatunza kwa kazi hii tu, watoto wameshajua lile pipa halinawiwi miguu.

Trichoderma sasa, maana hii ndo imenilipa zaidi. Hawa ni fangasi wanaokula fangasi wenzao, wale wa kinyausi na wa mnyauko, na wanawahi kukaa kwenye mizizi kabla adui hajafika. Neno ni kuwahi. Mche ukishalala hawaufufui, usinunue ukishaona ugonjwa.

Badala ya kuimwaga na maji peke yake, mi naizalisha kwanza kwenye samadi. Chukua samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kama kilo 100, ile ambayo ukiishika haina joto na inanuka udongo wa mvua ya kwanza, changanya na kilo 1 ya unga wa Trichoderma. Samadi mbichi ya kuku hapana, inapanda moto inawachoma. Nyunyizia maji huku unageuza mpaka ukikamata konzi ukaminya inashikana kama tonge lakini maji hayachuruziki kati ya vidole. Yakichuruzika umezidisha, ongeza samadi kavu. Rundika chini ya mwembe, funika na magunia yaliyoloweshwa, sio nailoni nyeusi juani ukajitengenezea oveni. Kila baada ya siku 3 au 4 fungua geuza, ikikauka nyunyizia tena. Siku ya tano hivi utaanza kuona nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, afu zinageuka kijani kile cha ukungu wa mkate. Ukiona kijani hicho furahi. Ukisikia harufu ya mayai viza ujue maji yalizidi na hewa haikupita. Baada ya wiki moja na nusu hadi mbili iko tayari, kwenye kitalu natandaza debe moja kwa kila mita moja ya mraba nachanganya na udongo wa juu, na siku ya kuhamisha miche kila shimo konzi moja, mzizi uguse ile mboji. 

Kama lazima upige dawa ya fangasi ya kemikali, acha siku 7 hadi 10 katikati, na usimwagie chini kwenye mizizi.

Mbegu za jamii ya kunde nazo zina watu wao, bakteria wa rhizobia. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hivyo, hawa bakteria wanaingia kwenye mzizi wanajenga vinundu, wanaibadilisha humo ndani wanaupa mmea, na mmea unawalipa sukari. Kupaka ni rahisi, kosa liko kwenye jua. Paketi niliyotumia mimi ilikuwa gramu 100 kwa kilo 15 za mbegu, fuata yako inavyosema. Chukua maji kama chupa moja ndogo ya soda, koroga sukari kijiko kikubwa ili iwe na unato, lowesha mbegu kwenye beseni, nyunyiza ule unga mweusi, geuza taratibu na mikono mpaka kila punje imevaa koti. Karanga zina ngozi laini, usizisugue kama unapepeta mtama, zikichubuka zinaozea ardhini. Tandaza kivulini nusu saa, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie papo hapo. Usipande kwenye vumbi ukisubiri mvua ije, huku kwetu mvua inaweza ikaonyesha mguu mwanzoni mwa Desemba ikapotea wiki tatu, bakteria watakuwa washakaukia humo. Na mbegu iliyopakwa dawa ya fangasi usiichanganye nao.

Wiki ya tano au sita nenda ukawakague. Usivute mmea kwa nguvu, vinundu vitabaki ardhini uje useme hakuna kitu, chimba pembeni na jembe unyanyue na udongo wake, tumbukiza kwenye ndoo ya maji uuoshe polepole. Utaona vijipunje vimeng'ang'ania mizizi. Pasua kimoja na kucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu kama nyama, wako kazini. Cheupe bado mchanga au hakifanyi kazi, cha kijani au cheusi kimeshachoka. Nilimwonyesha bibi mmoja jirani yetu, akakiangalia mda mrefu afu akaniuliza, "Mjukuu wangu, kumbe karanga nazo zina damu?" Nikamwambia ndio bibi, zina ya kwao. Na hata sikumdanganya sana, ile rangi inatokana na kitu kinachofanana na kinachofanya damu yetu iwe nyekundu.

Angalizo mbili hapo. Ukiweka yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, mmea unadeka, unaona chakula kipo bure haujengi vinundu, kwahiyo yurea usiweke. Lakini fosforasi wanaihitaji, bila hiyo vinundu vinakuwa vichache, na tuna mbolea ya Minjingu inachimbwa hapo Manyara tu. Angalizo la pili, karanga, kunde na choroko zinakubaliana na bakteria wengi waliomo tayari kwenye ardhi zetu, sio kama soya inayochagua, kwahiyo chimba vinundu kwanza kabla hujanunua paketi. Waingereza mwaka 1947 walikuja Kongwa na matrekta na hela wakidhani karanga ni kufyeka tu na kupanda, ardhi ikawakaukia ngumu kama saruji, mvua zikawatupa, kufika 1951 wamefunga virago. Ardhi ya huku inaulizwa kwanza.

Viwavi. Bt ni bakteria, jina refu Bacillus thuringiensis, na watu wengi wanaikosea kwa kuitegemea kama sumu ya kugusa. Haiui mpaka kiwavi akile jani lenye dawa, inamtoboa tumbo kwa ndani, anaacha kula ndani ya masaa lakini anaweza kukaa hapohapo siku 2 au 3 ndo afe. Mwenye shamba anaona kiwavi bado yupo anakimbilia sumu kali, kumbe huyo ni marehemu anayesubiri mazishi. Kwa kantangaze, kiwavi aliyeingia nchini mwaka 2014 akatumaliza kwenye nyanya, shida ni kwamba anajichimbia ndani ya jani, huko Bt haimfikii vizuri, kwahiyo unampata akiwa ndo katoka kwenye yai. Weka mitego, ukiona vipepeo wameongezeka anza kupulizia, jioni saa 11 kuendelea maana jua linaiua Bt haraka, chini ya majani pia, rudia kila siku 5 hadi 7. Maji ya magadi yanaipunguza nguvu, ndo maana ya lile pipa la mvua. Viwavijeshi vamizi kwenye mahindi ni hivyohivyo, wadogo tu, lenga kwenye koo la mhindi, yule mkubwa aliyeshajifunika na kinyesi chake usipoteze dawa. Inzi weupe Bt haiwagusi, kwao kuna fangasi wa Beauveria, ila wale wanataka unyevu hewani na hewa yetu mnaijua, mi nawatumia masika tu.

Wenye zabibu, kwa ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, kuna dawa za bakteria Bacillus subtilis, hizi mbegu zake ni sugu kuliko Trichoderma, zinavumilia joto la duka. Anza kabla unga haujaonekana, hasa ule mzao unaoiva na mvua.

La sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi kwenye nafaka, siwezi kuliruka, mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ipo Aflasafe, imesajiliwa nchini tangu 2018, na ukiiona ni punje za mtama zimepakwa rangi ya buluu. Punje zile zimebeba fangasi ndugu wa yule mwenye sumu, ila huyu hana sumu, anawahi kiti mwenzake akija anakuta kumejaa. Mtama wenyewe umeshauliwa hauoti, mzee mmoja alinunua akataka kupanda. Unamwaga kwa mkono shambani kama unalisha kuku, kilo 4 kwa eka, mahindi wiki 2 hadi 3 kabla ya kutoa maua, udongo uwe na unyevu, na usimwage mvua kubwa ikiwa inakuja itazisomba. Afu ukishavuna bado kausha kwenye turubai, usianike chini.

Mwisho wa yote, acha mistari miwili bila kuweka chochote, chomeka kijiti chenye kitambaa. Mi nilifanya hivyo mwaka juzi. Kwenye nyanya mistari mitupu ilipoteza miche mpaka nikaona aibu mtu akipita. Kwenye karanga kule Kongwa nilipima debe kwa debe, ya kupaka na isiyopakwa zikatoka sawa, na vinundu vilikuwa vyekundu pote. Msimu huu hela ya ile paketi nimenunulia Minjingu.