Riba ikishuka: hakikisha mkopo wako wa nyumba unashuka nayo

Kati ya Agosti 2024 na Desemba 2025, Benki Kuu ya Kenya ilishusha riba yake ya msingi, CBR, kutoka asilimia 13 hadi 9. Rejesho la mkopo wa nyumba halishuki kwa kiasi hicho hicho wala siku hiyo hiyo. Benki iliyokukopesha bado inawalipa wenye amana za muda maalumu riba waliyokubaliana zamani, na hadi amana hizo ziive, haina haraka. Kazi ya kufuatilia ni yako.

Hatua ya 1: Soma kifungu cha riba kwenye barua ya ofa

Kama riba yako haibadiliki, rejesho litabaki lilivyo. Ruka hadi hatua ya 5. Aliyenunua kwa murabaha, ambapo benki hununua nyumba kisha humuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida, naye bei yake ilishafungwa siku ya kutia saini.

Kama inabadilika, tafuta vitu viwili: kiwango cha rejea na nyongeza ya benki. Tangu 1 Septemba 2025, mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika hupangwa kwa KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, kisha benki huongeza asilimia zake. Mikopo ya zamani ilipewa hadi 28 Februari 2026 kuhamia huko. Linganisha barua ya kuhamishwa na ile ya awali. Rejea ikishuka kwa asilimia 2 huku nyongeza ikipanda kwa 1.5, umepata nusu asilimia tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu mwenyewe

Chukua salio la deni na miezi iliyobaki, si kiasi ulichokopa mwanzoni. Kwenye Excel andika:

=PMT(0.14/12,180,-5000000)

Hilo ni deni la shilingi milioni 5, miaka 15 imebaki, riba asilimia 14. Jibu, yaani rejesho la kila mwezi, ni 66,587. Kwa asilimia 16 lingekuwa 73,435, kwa hiyo nafuu ni 6,848 kwa mwezi. Kwa aliyebakiza milioni 2 na miaka 3, punguzo lile lile linampa takriban 1,960 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya rejesho lake tayari inakwenda kwenye deni lenyewe.

Hatua ya 3: Chagua: rejesho dogo au muda mfupi

Hapa ndipo penye pesa. Kwa asilimia 16, katika lile rejesho la 73,435, riba ya mwezi wa kwanza inachukua 66,667. Deni linapungua kwa 6,768 tu. Riba ikiwa 14 nawe ukaendelea kulipa 73,435, deni linapungua kwa 15,102, zaidi ya mara mbili. Mkopo unaisha kwa takriban miezi 137 badala ya 180, na riba unayookoa, ukilinganisha na kuchukua rejesho dogo, inakaribia shilingi milioni 2. Kama mshahara unatosha, usiguse rejesho. Kama karo na chakula vinakubana, chukua nafuu. Usije ukakopa kupitia simu ili kuziba pengo: mkopo huo una riba kali kuliko huu wa nyumba.

Usidhani benki inajua unachotaka. Iandikie barua, kisha uombe ratiba mpya ya marejesho.

Hatua ya 4: Kagua agizo la kudumu

Agizo la kudumu ni maelekezo kwa benki itoe kiasi kile kile kwenye akaunti yako kila mwezi. Kosa la kawaida: rejesho limeshushwa hadi 66,587, agizo bado linatoa 73,435, na mteja anaamini ziada inapunguza deni. Mara nyingi inalala tu kwenye akaunti. Eleza kwa maandishi kwamba ziada ni ya kupunguza deni la msingi, halafu mwezi unaofuata angalia salio kwenye taarifa ya mkopo.

Hatua ya 5: Kuhamia benki nyingine

Jumlisha kwanza: adhabu ya kulipa mapema kama ipo, mthamini, mawakili, kufuta rehani ya zamani, kusajili mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya kiasi kinachodhaminiwa. Gharama zikifika 170,000 nawe unaokoa 3,400 kwa mwezi, miezi 50 ya kwanza unarudisha gharama tu. Na ofa mpya ikianza miaka 20 upya, rejesho litaonekana dogo huku riba yote kwa jumla ikiongezeka. Omba muda ule ule uliobakiza, ndipo ulinganishe.