Kocha Akitimuliwa, Hesabu Siku: Namna ya Kujua Watani Watavuna Nini

Kibarua cha kocha mkuu kikiota nyasi katika futibo ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono, swali la kwanza la mashabiki huwa nani atamrithi. Mimi hilo huliweka kando. Natazama kalenda kwanza, kisha naandika majina ya vijana wote wa sekondari walioahidi kujiunga na chuo hicho. Kwa muda niliofuatilia usajili huu nimeamini jambo moja: watani wa jadi hawamngoji kocha mpya. Wanavuna vijana hao kiti kikiwa wazi.

Kwa hiyo anza na tarehe. Tangu 2017 kuna dirisha la kusaini mapema, mwezi Desemba, na vijana wengi wanaogombewa humwaga wino hapo bila kungoja Februari. Kabla ya hapo ahadi ni ya mdomo tu, haimfungi kijana wala chuo. Penn State walimfukuza James Franklin tarehe 12 Oktoba 2025. Dirisha likafunguliwa tarehe 3 Desemba chuo kikiwa hakina kocha mkuu wa kudumu. Mrithi, Matt Campbell, alipatikana siku mbili baadaye. Siku ya kwanza ya dirisha walisaini vijana wawili tu. Franklin alikwisha kutua Virginia Tech, na kundi la vijana aliowasaka kwa ajili ya Penn State likamfuata huko.

Sasa tazama Notre Dame, 2021. Kocha mkuu Brian Kelly aliondoka kwenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, mwishoni mwa Novemba, wiki chache tu kabla ya kusaini. Ilikuwa hatari kubwa zaidi kwa kalenda, lakini ndani ya siku chache timu alipewa Marcus Freeman, aliyekuwa akiongoza safu ya ulinzi palepale. Vijana walimjua, wazazi wao walimjua, na wengi wakabaki. Ndiyo maana naandika siku za kiti kuwa wazi kabla sijaandika jina la mrithi.

Kazi inayotaka subira ni benchi la ufundi. Kocha mkuu ndiye anayepigwa picha na kijana siku ya ziara, lakini anayempigia simu kila wiki mara nyingi ni kocha wa nafasi yake: wa mabeki, wa wapokeaji, wa mstari wa mbele. Mbele ya kila jina andika ni msaidizi gani aliyemleta. Msaidizi akibaki, jina hilo lina nafuu. Akiondoka, fuatilia anakotua, kwa sababu simu haikatiki, inabadilisha jezi tu. Mashabiki wanaotazama ukubwa wa jina la kocha mkuu peke yake hupitwa na habari hii kila mwaka, na inasikitisha, maana taarifa za wasaidizi hutangazwa waziwazi.

Kisha tenganisha wanaomfuata kocha na wanaochukuliwa na mtani. Kocha Lincoln Riley alipotoka Oklahoma kwenda USC, chuo cha California, mwaka 2021, kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) Malachi Nelson, kijana wa jimbo hilo, alivunja ahadi yake na kumfuata. Caleb Williams, aliyekuwa tayari Oklahoma, naye akaenda, akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya 2022. Hapo mtani hakuhusika.

Mtani humnyemelea zaidi kijana wa jirani. Kocha Nick Saban alipostaafu Alabama tarehe 10 Januari 2024, mpokeaji Ryan Williams wa Saraland, ndani ya jimbo hilohilo, alijiondoa katika ahadi yake, na Auburn, watani wa Alabama, wakamkazania. Lakini Alabama walimchukua Kalen DeBoer siku mbili tu baadaye, na kabla ya mwezi kwisha Williams alikuwa amerudi. Septemba, akiwa na miaka 17, alifunga bao la ushindi dhidi ya Georgia. Kwangu, siku zile mbili ndizo zilizoiokoa Alabama.

Usihesabu ofa, yaani mialiko ya kujiunga. Vyuo hutoa ofa nyingi kuliko nafasi walizo nazo. Hesabu ziara rasmi, hasa inayopangwa wiki ileile kocha alipoondoka. Na dau la fedha ambalo kocha aliyeondoka alimwahidi kijana na halikuwekwa kwenye mkataba uliosainiwa, lifute kabisa. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja, na mrithi ana hiari ya kuligawa upya fungu la futibo.

Baada ya kusaini bado kuna hesabu ya pili: wachezaji waliokwisha kuwamo ndani ya timu. Saban alipoondoka, beki Caleb Downs na kwotabeki Julian Sayin walihamia Ohio State, na Januari 2025 Ohio State wakatwaa ubingwa wa taifa, Downs akiwa nguzo ya ulinzi. Wakati ule mchezaji aliyeondokewa na kocha mkuu alikuwa na siku 30 za kuomba uhamisho. Tangu Oktoba 2025 ni siku 15, zinazoanza siku tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Weka alama kwenye tarehe hiyo, na usifunge orodha yako mpaka ipite.