Vizibo 14 na swali moja: kumpima mtoto wa P.1 kabla ya kumfundisha kutoa

Muhula uliopita mwalimu mgeni hapa Busia, Uganda, mpakani na Kenya, aliniletea rundo la daftari za P.1 (darasa la kwanza la msingi). "Mwalimu, nimefundisha kutoa wiki mbili na hawashiki." Nilimwomba aweke daftari kando, tumwite mtoto mmoja tuone anavyowaza. Nawaandikia walimu wenzangu tulivyofanya. Mtoto mmoja huchukua dakika kumi hivi.

Msingi wake ni kazi ya mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980). Alionyesha kwamba mtoto mdogo si mtu mzima aliyepungukiwa maarifa, ana namna yake ya kuwaza. Kwa maelezo yake, kati ya miaka 2 na 7 mtoto huamua kwa jicho: ukitawanya vizibo, kwake vimeongezeka. Mtoto wa namna hiyo ukimwandikia 7 − 3, unamwandikia michoro tu.

Hatua ya 1: Vifaa
Vizibo 14 vya soda, 7 vya rangi moja na 7 vya rangi nyingine. Maharagwe siyapendi, huishia puani. Picha za ubaoni pia ziache kwanza. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza kwamba ujuzi hupita mikononi, ukaja kwenye picha, ndipo ukafika kwenye alama, na kwa P.1 sijaona njia bora kuliko hiyo.

Hatua ya 2: Mahali
Mkekani, wewe na yeye tu. Wenzake wakiwepo watamnong'oneza.

Hatua ya 3: Panga
Panga vyako 7 kwa mstari. Mwambie apange vyake mkabala, kila kimoja na mwenzake. Usimwulize kama viko sawa. Tazama mikono yake. Akishindwa kuoanisha, ishia hapo: kazi yake ya wiki hii ni kuoanisha, vikombe na sahani, viatu na miguu.

Hatua ya 4: Tanua mstari, kisha uliza
Hapa nilipoteza asubuhi nzima katika mwaka wangu wa kwanza, na nikawakosea watoto. Nilikuwa nauliza, "Viko sawa?" Wanasema ndiyo. Natanua mstari wangu, nauliza tena swali lilelile, nao wanabadili jibu. Karibu kila jina nikaliandikia "bado". Saa ya mapumziko nikamwona msichana mmoja wa hao "bado" akigawana kabalagala (vitumbua vya ndizi) na mdogo wake chini ya mwembe. Mdogo analia kwamba zake ni chache kwa kuwa zimebanana. Dada akamjibu, "Ni sawa na zangu, zangu nimezitawanya tu." Nikarudi darasani na kufuta majina.

Kosa lilikuwa swali langu. Shuleni mtoto hujifunza kwamba mwalimu akirudia swali, jibu la kwanza halikuwa sahihi. Mwaka 1974 watafiti Rose na Blank waliwauliza watoto mara moja tu, baada ya vitu kusogezwa, na makosa yakapungua. Kwa hiyo uliza mara moja: "Sasa vyangu na vyako vikoje?" Usiseme "Nani ana vingi?", maana swali hilo limeshamwambia kwamba kuna aliyezidi.

Mkono wako nao unasema. Mtu mzima akisogeza vizibo kwa makusudi, mtoto anaona kuna jambo limebadilika. Watafiti wengine, McGarrigle na Donaldson, mwaka huohuo wa 1974, walimwachia mwanasesere mtukutu avuruge mstari, na watoto wengi zaidi wakajibu sawasawa. Mimi natumia mwanasesere wa majani ya migomba: anaanguka juu ya mstari, anautawanya.

Kisha lugha. Mtaala wa Uganda uliokuja mwaka 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, na hapa mpakani nyumba moja ni Kisamia, nyingine Kiteso, nyingine Kiswahili. Mtoto asiyetofautisha "vingi" na "virefu" katika lugha unayomwulizia atakujibu kuhusu urefu. Kabla ya yote, jua neno analotumia kwa mama yake.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Usitazame mstari wowote.

Hatua ya 5: "Umejuaje?"
Sikiliza sababu: "hukuongeza wala hukupunguza", "ukirudisha vitakuwa vilevile", au "ni mrefu lakini kuna nafasi katikati". Mojawapo inatosha.

Hatua ya 6: Akikosa, pima msaada
Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alitaka tutazame pia kile mtoto anachoweza akisaidiwa. Ndilo aliloliita eneo la ukuaji wa karibu. Msaada wa kwanza: "Hebu rudisha vilivyokuwa." Wa pili: atanue mwenyewe. Wa tatu: aoanishe tena kwa kidole. Andika ni msaada upi uliomfungua, kwa sababu hapo ndipo somo lake la kesho linapoanzia.

Umri usikufunge. Mwaka 1969 mtafiti Price-Williams na wenzake walikuta huko Meksiko kwamba watoto wa wafinyanzi walielewa mapema kuliko wengine kuwa udongo ukibadilishwa umbo haupungui. Kwetu, yule anayemsaidia mama yake kupanga nyanya mafungu sokoni, mpime bila kuuliza ana miaka mingapi.

Yule mwalimu sasa ana mikeka mitatu darasani: wa kuoanisha, wa kutanua na kurudisha, na wa kutoa kwa vizibo. Baada ya wiki tatu tunapima tena, safari hii kwa ndizi za bogoya. Atakayejibu sawasawa kwa ndizi, ndiye tunampa chaki.