Sungura akifunguliwa mchana, jioni arudi mwenyewe bandani

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, naikuta hali hii mara kwa mara. Jua limeshazama, mama yuko zizini anakamua, na watoto wawili wamelala kifudifudi chini ya mibuni na tochi ya simu, wanambembeleza sungura atoke nyuma ya shina la mgomba. Sungura anawatazama tu. Wakisogea hatua mbili, naye anasogea tatu. Baba anafika na fimbo, mbio zinaanza. Saa mbili usiku sungura anakamatwa kwa masikio, anasukumwa bandani, mlango unabamizwa. Kesho yake anakimbia mapema zaidi, maana ameshajua jioni ina nini.

Watu huniambia sungura wao ni mkaidi. Si mkaidi, amefundishwa. Kila jioni amejifunza kwamba mkono wa mtu na mlango wa banda ni kitu kimoja, na vyote viwili vinaumiza.

Kosa la kwanza ni kumfuga sungura kwa akili ya kuku. Kuku giza likikaribia anaona vibaya, anatafuta mahali pa kulala, wewe kazi yako ni kufunga mlango. Sungura ni kinyume chake. Mchana wa jua kali anajilaza kivulini, na nguvu zake zinaamka jioni na alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu, wakati wewe umechoka na unataka kufunga shughuli, yeye ndiyo kwanza anaanza kuruka. Ukingoja giza ndipo umwite, umechagua saa mbaya kuliko zote. Mwite saa kumi na moja, au saa kumi na moja na nusu kwa kuchelewa sana, kabla uchangamfu haujampanda. Kwa bahati huku kwetu jua halibadilishi sana saa yake ya kuzama, mwaka mzima ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja, kwa hiyo ratiba ukishaiweka huna haja ya kuihamisha. Kinachoivuruga ni sisi wenyewe: leo saa kumi na moja, kesho saa moja kwa sababu kulikuwa na msiba, keshokutwa tumesahau kabisa.

Sungura mgeni usimfungulie siku ya pili. Mwache bandani siku kumi hadi wiki mbili kwanza. Mnyama huyu anajua kwake kwa harufu. Ana tezi chini ya kidevu, na ukimwona anasugua kidevu kwenye nguzo au kwenye chombo cha maji ujue anaandika jina lake pale. Banda ambalo hajaliandika jina si kwake, ni gereza alimotoka, na hakuna arudiye gerezani kwa hiari. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya usafi usisugue kila kona kwa sabuni ya unga na kutupa majani yote. Toa uchafu, toa majani yaliyolowa mkojo, lakini bakiza konzi ya majani makavu ya zamani uyachanganye na mapya. Nimeona sungura aliyekuwa akirudi vizuri miezi mitatu, banda likapakwa dawa ya mbao, akalikataa.

Sasa chakula, ambacho ndicho kamba yako halisi. Chakula kikuu cha sungura ni majani, na hayo asinyimwe hata siku moja. Narudia kwa kuwa kuna ushauri unaozunguka vijijini kwamba ukitaka arudi mshindishe njaa. Tumbo la sungura linatakiwa liwe na kazi muda wote. Akikaa nusu siku bila kula chochote utumbo unaweza kusimama, na sungura ambaye utumbo umesimama anakufa haraka. Kinachozuiliwa ni kile kitamu tu: pelleti (chakula cha sungura cha vidonge) au pumba. Badala ya kumpa asubuhi, mpe jioni, bandani, kiganja kimoja. Mchana ale majani yake kama kawaida.

Kabla ya kumpa, toa sauti. Tikisa kopo lenye mahindi machache ndani, au gonga sahani, au mwite jina, mradi iwe sauti moja na mtu yeyote wa nyumbani aweze kuitoa. Anza zoezi hili angali amefungiwa: tikisa, mpe, tikisa, mpe. Baada ya wiki utaona masikio yanasimama kabla hujafika. Hapo ndipo umfungulie kwa mara ya kwanza, na umfungulie saa kumi jioni, si asubuhi. Saa moja tu ya kuzurura, kisha kopo. Siku zinavyokwenda unaongeza muda ukirudi nyuma kuelekea mchana.

Kitu kitamu kiweke mwisho kabisa wa banda, mbali na mlango. Na hapa ndipo wengi huharibu: sungura akishaingiza nusu ya mwili, mtu anaruka kufunga mlango. Usifanye hivyo. Siku tatu nne za mwanzo mwache aingie, ale, atoke, aingie tena. Kaa pembeni kwenye kigoda umenye maharage. Atakapokaa ndani ametulia anajilamba manyoya, nenda taratibu ufunge. Kipande kidogo cha ganda la ndizi baada ya kufunga hakidhuru, kiwe kidogo tu, ndizi ina sukari nyingi.

Tazama pia kama banda lenyewe linaingilika. Mabanda yetu mengi yako juu ya miguu ya mita moja, jambo zuri kwa usafi, lakini kwa sungura wa kilo nne si rahisi kuruka humo. Weka ubao mpana wenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kama ngazi, usiwe na mwinamo mkali wala kutikisika. Ubao ukicheza mara moja akiwa juu yake, hataupanda tena wiki nzima. Ndani kuwe na kona yenye giza na sakafu ya ubao, kwa sababu wavu mtupu unamtoboa nyayo, na asiyependa kukanyaga kwake hatakimbilia kwake.

Kuna siku atagoma tu. Mbwa wa jirani amepita, au mvua ya ghafla imemtisha. Usimfukuze. Jicho la sungura linaona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya pua haoni vizuri, na mkono unaoshuka kutoka juu, kwake ni mwewe. Chukua boksi la kadibodi, lilaze ubavu, mdomo uelekee kwake karibu na mahali alipojificha, uweke majani ndani. Watu wawili washike khanga iliyotandazwa karibu na ardhi wamsogelee polepole kutoka upande wa pili. Mnyama wa mashimo akibanwa anatafuta tundu lenye giza, ataingia boksini mwenyewe. Funika, beba. Ikibidi umshike, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine unabeba makalio. Masikio si mpini. Miguu ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa ya mgongo, akipiga teke akiwa ananing'inia anaweza kujivunja uti mwenyewe.

Dume aliyekomaa ana sababu zake za kutorudi, hasa kama kuna jike nyumba ya pili. Kopo halishindani na hilo. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi kama humhitaji kwa uzazi.

Jike naye ukimwona amebeba majani makavu mdomoni au anajinyofoa manyoya ya kifua, acha kumfungulia. Mimba ni siku 31 hivi, na akiwa nje karibu na kuzaa atachimba. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na jike aliyerudi bandani kila jioni kwa adabu kubwa, sikushuku kitu. Wiki chache baadaye vitoto vikaanza kutoka kwenye shimo nyuma ya choo. Alikuwa amezalia huko, na kwa kuwa sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, alifanya kazi yake alfajiri nilipomfungulia, akaziba shimo kwa udongo na kuondoka.

Mahali pa kuzurura kagua kabla ya kufungua. Majani ya mparachichi ni sumu kwa sungura, na vihambani yanaanguka kila mahali. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hayafai pia. Wavu wa uzio uufukie kiasi cha sentimita 30, la sivyo atapita chini yake.

Akishaingia, mlango uwe na komeo la kweli, si kipande cha waya kilichokunjwa. Kanu, mnyama wa usiku anayefanana na paka, ana mikono myembamba na subira, nguchiro anakuja mapema asubuhi watu wakiwa bado ndani, na mbwa anachana wavu wa kuku bila shida. Masika ikianza, miguu ya banda iwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakipanda usiku, sungura aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na asubuhi utakuta manyoya tu.

Na kama giza limeingia yuko nje bado, funga mbwa, zima tochi, acha mlango wazi na majani mabichi ndani, ukae karibu kimya. Asipoingia, jaribu tena saa kumi na moja alfajiri kwa kopo lilelile.